Leseni ya Wakili, Daktari na Dereva Hudumu kwa Muda Gani?



Mama mmoja mjane alifika ofisini kwetu Jumatatu asubuhi, amebeba bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Tulimkaribisha kiti lakini hakutaka kuketi. Alitaka kwanza tumsomee karatasi zake, halafu tumwambie kama yeye bado ni mwenye ploti au amekuwa mtu wa kufukuzwa.

Mama huyu alinunua ploti ya hamsini kwa mia mwaka 2019, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akigawa shamba lake hapa upande wa Gilgil. Pesa zilitoka kwa chama cha akina mama na kwa ng'ombe wawili aliouza. Walienda kwa wakili mjini, wakaandikiana, kila mmoja akatia sahihi. Mama akajenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili, akapanda sukuma wiki na ua la michongoma. Kabla hati haijatoka, mzee akafariki.

Basi wana wa mzee wakamjia wakamwambia hivi: "Mama, wakili aliyewaandikia hakuwa na leseni mwaka huo. Tumeulizia tukaambiwa. Kwa hivyo makubaliano yenu ni bure, ni kama karatasi ya kufungia nyama. Lipa upya kwa bei ya sasa, ama utoke."

Tuseme ukweli, siku hiyo hatukuwa na jibu. Sisi ni wafanyakazi wa jamii. Tunajua mambo ya vikundi, ya watoto na ya familia, lakini sheria si kazi yetu. Tulimwambia mama arudi nyumbani, asilipe kitu na asitie sahihi karatasi yoyote. Sisi nasi tukaenda kuulizia kwa wanaojua. Tuliyoyapata tumeona afadhali tuyaandike hapa, kwa maana hayawahusu mawakili pekee. Yanamhusu pia daktari anayekutibu, mwenye duka la dawa, dereva wa matatu na hata yule kijana anayekukatia nyama pale Kikopey.

MAMBO MATATU TUNAYOYACHANGANYA

Wengi wetu tukiona cheti kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, tunaamini kila kitu kiko sawa. Kumbe kuna mambo matatu, na kila moja lina umri wake.

La kwanza ni cheti cha chuo. Hiki kinasema mtu alisoma akafaulu. Hakina mwisho. Aliyesoma udaktari mwaka 1985 bado amesoma udaktari.

La pili ni usajili. Jina la mtu huingizwa katika orodha ya taaluma yake inayowekwa kwa mujibu wa sheria. Mwanasheria akiapishwa, jina lake huingia katika orodha ya mawakili. Daktari naye ana orodha yake. Kwa kawaida jina hukaa humo miaka na miaka, isipokuwa mtu afariki, aombe kuondolewa, au afutwe kwa kosa.

La tatu ndilo leseni ya kufanya kazi. Hii ndiyo ruhusa ya kuwahudumia watu na kulipwa, na hii huisha. Kwa taaluma nyingi hapa Kenya huisha kila mwaka.

Fikiria gari. Logibuku inasema gari ni la nani, na haiishi kila mwaka. Bima yake lakini huisha, na siku ikiisha gari halitakiwi barabarani hata kama ni jipya. Mtaalamu ni vivyo hivyo. Anaweza kuwa amesoma vizuri, jina lake liko kwenye orodha, na bado mwaka huu hana ruhusa ya kufanya kazi.

KILA KAZI NA MUDA WAKE

Wakili. Sheria ya Mawakili, ambayo ni Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, inasema mwaka wa kazi ya uwakili huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Cheti chake cha kufanyia kazi hufa siku hiyo ya mwisho hata kama alikichukua mwezi wa Novemba. Akikichukua ndani ya Januari, sheria inamhesabia tangu siku ya kwanza ya mwezi huo. Akichelewa mpaka Mei, anahesabiwa kuanzia siku aliyopewa hiyo Mei, na ile miezi ya nyuma inabaki wazi. Na jina lake likifutwa katika orodha, cheti kinakufa hapo hapo bila kungoja Desemba.

Daktari wa watu na daktari wa meno. Hawa wako chini ya Baraza lililokuwa likiitwa Bodi mpaka mwaka 2019. Leseni yao ni ya mwaka mmoja, nayo pia huisha Desemba 31. Ili kuipata tena, daktari lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza, maana dawa na magonjwa hubadilika. Hospitali au kliniki yenyewe ina leseni yake mbali na ya daktari.

Mfamasia na mwenye duka la dawa. Bodi ya Famasia na Sumu hutoa leseni ya mwaka kwa mtu, na jengo nalo husajiliwa mbali. Kwa hivyo ukiingia duka la dawa, kuna karatasi mbili za kuangalia: ya mtu na ya nyumba. Jina la mfamasia likiwa ukutani na yeye mwenyewe haonekani mwaka mzima, hapo uliza.

Daktari wa mifugo na wasaidizi wake. Sheria yao ni ya mwaka 2011, na cheti chao cha kuendelea na kazi hurudiwa kila mwaka. Sisi wafugaji wa huku, kuanzia Eburru mpaka Mbaruk, tunamwita mtu "daktari" kwa kuwa ana sindano na pikipiki. Ng'ombe akifa ndipo tunaanza kuuliza alisomea wapi.

Mwalimu. Namba yake ya TSC haiishi kila mwaka. Lakini Sheria ya TSC ya mwaka 2012 iliipa Tume nguvu ya kumtaka mwalimu ajiendeleze na achukue cheti cha kufundisha kwa vipindi. Mwaka 2021 Tume ilizindua mafunzo yaliyopangwa kwa vipindi vya miaka 5. Walimu wengi pamoja na chama chao cha KNUT walipinga, hasa kwa sababu mwalimu ndiye aliyetakiwa kutoa pesa mfukoni mwake. Tunalitaja hili ili mwone kwamba muda wa leseni si jambo la makarani tu. Ndani yake kuna swali la nani atalipa.

Dereva. Leseni ya kuendesha hutolewa ya mwaka 1 au ya miaka 3, kulingana na ulivyolipa. Yake haifuati Desemba. Inahesabiwa tangu siku uliyolipia. Dereva wa gari la abiria anahitaji pia beji ya PSV, na hiyo huhuishwa kila mwaka. Kwa sisi tunaokaa kando ya barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, hili si jambo dogo.

Mtu wa hoteli, bucha au kibanda cha chakula. Anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya na kupewa cheti, na cheti hicho hudumu miezi 6 tu. Ndicho kifupi kuliko vyote tulivyotaja, na sababu yake ni wazi. Mtu anaweza kuwa mzima Januari na awe na homa ya matumbo ifikapo Agosti.

Mnaona basi kwamba hakuna jibu moja. Ila kwa wataalamu waliosoma na kusajiliwa, mshike neno hili: Desemba 31. Mteja anayeingia ofisini Januari au Februari ndiye anayepaswa kuuliza zaidi, kwa maana ndiyo miezi ambayo leseni ya zamani imekwisha na mpya pengine haijachukuliwa.

JE, LESENI IKIFA, KAZI ILIYOFANYWA INAKUFA PIA?

Hapa ndipo tulipolipata jibu la yule mama, na tuwaombe msome pole pole.

Maneno ya wale vijana hayakuwa uongo mtupu. Yalikuwa sheria ya jana. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza mtu asiye na sifa kuandika hati za ardhi kwa malipo, na wakili asiye na cheti cha mwaka huo anahesabiwa kuwa hana sifa. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi kati ya National Bank na Wilson Ndolo Ayah. Ilisema kwamba hati zilizoandikwa na wakili asiye na cheti cha mwaka huo ni batili, hazina nguvu. Tangu hapo watu wakapata mlango wa kutokea. Aliyekopa akaweka shamba rehani, siku ya kulipa ikifika, alianza kumchunguza wakili badala ya kutafuta pesa.

Halafu ikaja kesi nyingine ya benki hiyo hiyo na kampuni ya Anaj Warehousing, ikapanda mpaka Mahakama ya Upeo, ambayo ndiyo ya mwisho nchini. Mwaka 2015 mahakama hiyo ilisema tofauti. Hati haiwi batili kwa sababu hiyo tu, kwamba wakili aliyeiandika hakuwa na cheti cha mwaka ule. Sheria inamwadhibu wakili. Haisemi popote kwamba watu waliomwendea kwa nia njema wapoteze mali yao. Mteja hana kosa, na mwenye kosa anajulikana.

Bunge nalo limeongeza kifungu cha 34B katika sheria hiyo. Kinasema wakili anayefanya kazi bila cheti ametenda kosa la nidhamu, lakini hati aliyoiandika inabaki na nguvu yake. Kinataja hata karatasi zinazopelekwa mahakamani.

Kwa hivyo hukumu ya 2009 imekwisha kazi, lakini uvumi wake bado unatembea vijijini. Sheria ikibadilika Nairobi, habari huchukua miaka kufika kwetu, na katikati hapo mjane anaweza kutolewa katika nyumba yake kwa maneno yaliyokwisha kufutwa.

WAKILI ALIYECHELEWA SI SAWA NA WAKILI BANDIA

Lakini msikilize vizuri. Hukumu ile inamhusu wakili wa kweli, aliyesoma, akaapishwa, jina lake likaingia katika orodha, ila hakuchukua cheti cha mwaka. Haikumhusu mtu aliyejivika cheo.

Mwezi wa Oktoba 2023 tawi la Nairobi la Chama cha Mawakili, kile tunachokiita LSK, lilitangaza kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijitambulisha kama wakili na kusimama mahakamani hakuwa wakili kabisa. Kwa maelezo ya chama hicho, yalitumiwa maelezo ya wakili wa kweli mwenye jina linalofanana. Huyu wa kweli hakuwa amechukua cheti cha mwaka kwa sababu kazi aliyokuwa akifanya katika ofisi ya serikali haikukidai. Nchi nzima ilizungumza habari hiyo, na wengine hata wakamsifu yule mtu kwa ujasiri wake.

Sisi hatukucheka sana. Tulijiuliza: yule mteja maskini aliyempa pesa zake za mwisho, akidhani ana wakili, alirudi kwa nani? Na tuliona pia somo jingine. Leseni iliyolala ni kama nyumba iliyoachwa bila mtu. Mwingine anaweza kuingia.

TURUDI KWA MAMA

Baada ya kuyajua hayo tulimwita mama tukaifungua ile bahasha yote juu ya meza, karatasi moja moja. Tulikuwa tukitafuta jambo jingine ambalo watu wengi hulisahau. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Ardhi, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya makubaliano. Muda huo ukipita bila ombi, na mahakama isiuongeze, makubaliano yanaweza kufa kweli. Huo ndio muda uliowamaliza wanunuzi wengi kuliko leseni ya wakili yeyote.

Tulipata barua ya kibali katikati ya risiti za mabati. Mzee na mama walikuwa wamekwenda bodi mwezi wa nne baada ya kuandikiana. Mama mwenyewe hakujua thamani ya karatasi ile. Alikuwa ameihifadhi kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Tukaomba mkutano kwa chifu. Walikuja vijana, mama, mzee wa kijiji na sisi wawili wa ofisi. Tulieleza hukumu ya 2015 kwa upole, bila kumwaibisha mtu. Halafu mzee wa kijiji, ambaye hakusoma sana, akawauliza wale vijana swali moja: "Na ninyi mnaotaka kumuuzia mama tena shamba la marehemu, cheti chenu kiko wapi?"

Kimya kikaingia. Ni kweli, hawakuwa nacho. Sheria ya Urithi hairuhusu mtu kuuza wala kugawa mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka, hata kama ni baba yake mzazi. Waliokuwa wakidai leseni ya mwenzao, wao wenyewe hawakuwa na yao.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Mpaka tunapoandika, hati bado haijatoka, kwa sababu kesi ya urithi wa mzee lazima ifunguliwe kwanza, na hiyo ina gharama. Lakini vijana wamekubali mama aorodheshwe humo kama mnunuzi, na ua lake la michongoma halijang'olewa.

TUFANYE NINI?

1. Uliza leseni ya mwaka huu, siyo cheti tu. Useme kwa heshima: "Wakili, naomba kuona cheti chako cha mwaka huu." Mtaalamu mwaminifu hakasiriki. Akikasirika, nawe umejifunza kitu.

2. Hakikisha mwenyewe. LSK ina orodha ya mawakili kwenye mtandao inayoonyesha nani yuko kazini mwaka huu. Baraza la Madaktari nalo lina orodha yake. Kama huna simu ya mtandao, mwombe mtoto wa shule au pita ofisini kwetu. Ni kazi ya dakika chache.

3. Andika jina kamili la mtaalamu, kwa maana majina hufanana. Kwa wakili, andika na namba yake, ile inayoanza na P.105.

4. Omba risiti na nakala ya kila karatasi unayotia sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mama aliokolewa na bahasha ya kaki.

5. Ukiambiwa karatasi zako ni bure, usilipe upya na usitie sahihi mpya siku hiyo hiyo. Mtu mwenye haki huweza kungoja wiki moja. Anayekuharakisha mara nyingi anaogopa ukweli usifike.

6. Ukiwa umekosewa na wakili, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili yenyewe. Haitozi pesa kupokea malalamiko. Andika barua kwa Kiswahili chako, uambatishe nakala, ubaki na zile za asili.

7. Na wewe mwenye kazi, ndugu dereva, dada wa hoteli, kijana wa dawa za mifugo, tazama tarehe ya karatasi yako leo hii. Weka kando kidogo kidogo kila mwezi, kama vile mnavyochanga kwenye chama, ili siku ya kulipia isikukute mikono mitupu.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo mlisome jambo hili katika mkutano wenu ujao, hasa mkiwa na wajane na wazee walionunua ploti ambazo bado hazina hati. Kila mmoja alete bahasha yake. Tusomeane karatasi tungali hai, wauzaji wakiwa hai, na mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Mwenye swali atupate ofisini Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Sisi si mawakili, na hatutajifanya kuwa. Lakini kusoma tarehe tunajua, na njia ya kwenda kwa wanaojua tumekwisha kuipita mara moja.